Wakati Uliopita Timilifu wa Kiingereza na Matumizi Yake kwa Msemaji wa Kiswahili

Wakati uliopita timilifu, ambao vitabu vya sarufi ya Kiingereza huuita "past perfect", ni umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba tendo fulani lilikuwa limekwisha kutendeka kabla ya wakati mwingine uliopita ambao msimulizi tayari anauzungumzia. Ufafanuzi huo una pande mbili, na wanafunzi wengi hushika upande mmoja tu. Hushika kwamba tendo ni la zamani, lakini huacha kuona kwamba ni lazima pawepo wakati wa pili, nao pia uliopita, ambao tendo hilo limeutangulia. Pasipokuwa na wakati huo wa pili umbo hili halina kazi, hata kama tendo lenyewe lilitendeka mamia ya miaka iliyopita.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu historia ya mji husimuliwa hapa kwa Kiingereza mara kwa mara. Waongoza watalii huisimulia kwenye magofu ya Kaole, katika Mji Mkongwe na kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na wanafunzi wa sekondari huiandika katika insha zao. Huko ndiko husikika sentensi kama hii: "The Germans had moved their capital to Dar es Salaam in 1891." Anayesema hivyo huwa anaamini kwamba jambo la zamani sana linadai kitenzi kizito kuliko jambo la jana, jambo ambalo si kweli. Kama habari yenyewe ni kuhamishwa kwa makao makuu mwaka 1891, na hakuna tukio jingine linalopimwa nayo, Kiingereza kinatosheka na wakati uliopita wa kawaida: "The Germans moved their capital to Dar es Salaam in 1891." Hata msikiti wa kale wa Kaole, ambao kwa kawaida huelezwa kuwa ni wa karne ya 13, unaweza kusimuliwa mwanzo hadi mwisho bila "had" hata moja. Kinyume chake, jambo la dakika kumi zilizopita linaweza kuidai: "I went back to the counter, but the clerk had gone out." Karani alitoka kwanza, msemaji akarudi baadaye, na ni kurudi huko kunakosimuliwa. Umbali wa tendo kutoka leo hauna uzito wowote katika suala hili. Kinachoangaliwa ni mahali aliposimama msimulizi ndani ya simulizi lake.

Habari ya David Livingstone inaonyesha vizuri maana ya kusimama huko. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo nchini Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Kiingereza chake kinaweza kuwa hivi: "Livingstone died in 1873. His followers buried his heart, dried the body in the sun and carried it to the coast. They reached Bagamoyo in February 1874." Matendo yamepangwa kwa mfuatano uleule yaliotokea nao, kila moja likilifuata lenzake kama Kiswahili kinavyofanya kwa kiambishi "-ka-", na kwa hiyo wakati uliopita wa kawaida unatosha kote.

Sasa tuseme msimulizi anataka kuanzia ufukweni Bagamoyo, mahali ambapo wasikilizaji wake wamesimama. "In February 1874 a caravan reached Bagamoyo. The men were carrying the body of Livingstone, who had died nine months earlier. They had buried his heart at Chitambo's village, dried the body in the sun and carried it all the way to the coast." Ukweli haujabadilika hata kidogo, ila kituo cha simulizi sasa ni Februari 1874, na yote yaliyotokea kabla ya hapo yanadai "had". Msomaji aangalie pia kwamba katika sentensi ya mwisho "had" moja imetumikia vitenzi vitatu, "buried", "dried" na "carried", kwa kuwa kiima ni kilekile na viunganishi vinavifunga pamoja. Kuirudia mbele ya kila kitenzi si kosa la sarufi, lakini huifanya sentensi iburute miguu.

Umbo lenyewe halina ugumu. Kitenzi kisaidizi ni "had" kwa nafsi zote, umoja na wingi, kikifuatwa na kile ambacho walimu wetu hukiita umbo la tatu la kitenzi kikuu: "go, went, gone", basi "had gone", "write, wrote, written", basi "had written". Kosa la "had went" hutokana na vitenzi vya kawaida, kama "carry" na "reach", ambavyo umbo lake la pili na la tatu ni moja, hata mwanafunzi akazoea kuchukua lolote. Katika ukanushi husemwa "had not", na katika swali "had" hutangulia kiima: "Had they reached the coast?" Kuongeza "did" hapo hakuruhusiwi. Kitenzi "have" kikiwa ndicho kitenzi kikuu hutokea "had had", ambayo inashangaza macho lakini ni sahihi kabisa.

Dhana hii si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinayo: "alikuwa amefika", "walikuwa wameshaondoka". Ufahamu huo unasaidia, na wakati huohuo unazaa kosa la kwanza. Kiswahili hutumia vitenzi viwili vinavyobeba nafsi, na cha kwanza kati yao ni "kuwa", kwa hiyo mwanafunzi anayetafsiri kipande kwa kipande huandika "was" mahali pa "alikuwa" na kupata "She was arrived". Kazi inayofanywa na "alikuwa" katika muundo huu hufanywa na "had" katika Kiingereza, na "was" haina nafasi hapo.

Kosa la pili ni la ndani zaidi, nami naliona kuwa ndilo linalostahili muda mwingi zaidi darasani. Tuchukue sentensi ya kila siku: "Nilifika stendi nikakuta basi limeondoka." Hakuna "lilikuwa" ndani yake, na hakuna Mswahili atakayeihitaji, kwa kuwa kiambishi "-me-" kinaeleza tu kwamba tendo limekamilika, huku wakati wa kukamilika huko ukipokewa kutoka kwa kitenzi kilichotangulia. Mtu akisimama stendi sasa hivi akasema "basi limeondoka", ukamilifu unapimwa na sasa. Akisema "nikakuta basi limeondoka", unapimwa na ule wakati aliokuta. Umbo ni lilelile. Kiingereza hakiruhusu hivyo. Kwa hali ya kwanza husemwa "The bus has left", na kwa hali ya pili kitenzi kisaidizi chenyewe lazima kiingie katika wakati uliopita: "I reached the bus stand and found that the bus had left." Anayeandika "I found that the bus has left" ameelewa vizuri ukamilifu wa tendo, lakini ameuacha ukining'inia katika siku ya leo wakati simulizi liko jana. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayetafuta "alikuwa ame-" katika mawazo yake ili ajue pa kuweka "had" atakosa mara nyingi, maana Kiswahili fasaha hakikitumii kipande hicho kila mahali ambapo Kiingereza kinadai "had". Ni afadhali afuatilie "-me-" yoyote inayokuja baada ya kitenzi cha wakati uliopita. Kiingereza kina pia njia ya mkato baada ya "find", yaani "I found the bus gone", nayo ni nzuri, ila haifai iwe kimbilio la kumwokoa mtu asijifunze muundo wenyewe.

Chanzo hichohicho ndicho kinachosumbua katika usemi wa taarifa. Mwongozaji akisema, "Nimefika Pangani mara nyingi," Kiswahili huripoti bila kugusa "-me-": "Alisema kwamba amefika Pangani mara nyingi." Kiingereza huisogeza nyuma: "He said that he had been to Pangani many times." Na aliposema "Niliwaona", taarifa yake ni "He said that he had seen them". Mazoezi ya shuleni husisitiza badiliko hili kana kwamba halina msamaha, lakini tukio la kihistoria lenye tarehe yake linaweza kubaki katika wakati uliopita wa kawaida bila kumchanganya mtu: "He said that the mission was founded in 1868." Katika mtihani ni salama zaidi kufuata kanuni ya kitabu; katika maongezi na wageni, hiyo iliyo fupi inatosha.

Neno "before" linahitaji uangalifu wa peke yake. Kiswahili husema, "Mwongozaji aliondoka kabla sijamaliza kuuliza," na ndani yake mna ukanushi wa "-ja-". Mwanafunzi huuhamisha ukanushi huo akaandika "before I had not finished asking", sentensi ambayo kwa masikio ya Kiingereza inamaanisha jambo lisiloeleweka. "Before" haiambatani na "not" hapo: "The guide left before I had finished asking." Msomaji makini atauliza kwa nini "had" imewekwa kwenye tendo ambalo, kama lilitendeka kabisa, lilitendeka baada ya mwongozaji kuondoka, ilhali tumesema kwamba "had" ni ya tendo lililotangulia. Jibu ni kwamba hapa "had" inaeleza ukamilifu ambao ulikuwa haujafikiwa wakati mwongozaji anaondoka, yaani swali lilikatizwa. "Before I finished asking" nayo ni sahihi, ila haitii mkazo kwenye kukatizwa.

Kwa "when", kuchagua kati ya nyakati hizi mbili hubadilisha maana kabisa. "When we got to the fish market, the auction started" ina maana kwamba tulifika, ndipo mnada ukaanza. "When we got to the fish market, the auction had started" ina maana kwamba tulichelewa na samaki wa kwanza walikuwa wameshanunuliwa na wengine. Kiswahili hutenganisha vivyo hivyo, "mnada ulianza" na "mnada ulikuwa umeanza", kwa hiyo hapa lugha mama ni msaada mtupu. Kwa "after", hali ni tofauti, kwani neno lenyewe limekwisha kueleza kilichotangulia: "After the dhow left" na "After the dhow had left" zote zinakubalika, na mwandishi mzuri mara nyingi huchagua iliyo nyepesi. Palipo na "because" hakuna neno linaloonyesha utaratibu wa matukio, na "had" hurudi kuwa ya maana: "He was tired because he had walked from Kaole." Maneno "already" na "by the time" nayo huvutana nayo sana, hata katika kauli ya kutendwa: "By the time the Germans moved their capital, Abushiri had already been hanged at Pangani." Abushiri, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Desemba 1889, na makao makuu yalihamishwa mwaka 1891; "had been hanged" inaupanga utaratibu huo bila kutaja tarehe yoyote.

Lipo tumizi moja ambalo "had" haielezi tendo lililotangulia tendo, bali jambo ambalo halikutokea kamwe. "If they had arrived early, they would have caught the boat" ni sawa na "Wangalifika mapema wangaliiwahi mashua", na mashua haikuwahiwa. Kiswahili hurudia "-ngali-" pande zote mbili za sentensi, nacho hicho ndicho kinachowafanya wengi waandike "If they would have arrived", wakirudia "would have" pande zote mbili kama walivyozoea. Kiingereza sanifu huweka "had" upande wa sharti na "would have" upande wa matokeo. Vivyo hivyo "laiti ningalijua" ni "I wish I had known", wakati "laiti ningejua" ya sasa ni "I wish I knew". Wasemaji wengi siku hizi hutumia "-nge-" kwa zote mbili, na wanapoandika Kiingereza mpaka huo huwapotea.

Umbo la kuendelea, "had been waiting", hutumika pale muda wa tendo ndio unaosisitizwa: "They had been waiting for two hours when the ferry came." Zaidi ya hapo linafuata kanuni zilezile.

Katika mazungumzo "had" hufupishwa ikawa "'d", na "would" nayo hufupishwa vilevile. Anayesikiliza hutofautisha kwa umbo la kitenzi kinachofuata: "they'd left" ni "had", na "they'd leave" ni "would". "They'd better leave" nayo ni "had", ingawa kitenzi chake ni "leave" na maana yake ni ushauri wa sasa. Kwa vitenzi kama "put" na "cut", ambavyo maumbo yake matatu ni sawa, umbo halitoi jibu, na msikilizaji hutegemea maneno ya jirani, kama vile "already" au "every evening", kujua ni kipi kilichokusudiwa.