Zahanati ya Zamani ya Mizingani: jumba lililookolewa kwa chokaa

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukitoka bandarini Malindi kwenda Forodhani kwa Barabara ya Mizingani, mkono wa kushoto utaliona jumba lenye roshani za mbao zilizochongwa nakshi kila pembe, madirisha ya vioo vya rangi na uso unaotazama bahari. Ndilo Zahanati ya Zamani. Wageni hulipiga picha wakapita. Sisi wa kazi ya uhifadhi tunalipenda kwa sababu nyingine: miaka ya 1980 lilikuwa gofu, na leo limesimama. Namna lilivyosimamishwa ni jambo linalomhusu kila mwenye nyumba ya mawe Unguja, Lamu, Mombasa hata Bagamoyo.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 katika kiti cha enzi cha Uingereza. Aliyejitolea kujenga alikuwa Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya Kutch, India, aliyewahi kukodi forodha ya Sultani, yaani haki ya kukusanya ushuru wake, na kuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa Unguja. Alitaka iwe hospitali ya jubilei, maskini watibiwe bila malipo. Inafaa kusema pia mali yake ilikotoka: pembe za ndovu na misafara ya bara. Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alikopeshwa naye mtaji wa safari zilizomfikisha Kongo. Jumba zuri halifuti habari hiyo, na tunapolieleza kwa wanafunzi tusiifiche.

Ujenzi ulichukua miaka saba, na katika miaka hiyo nchi ilibadilika. Msingi uliwekwa wakati wa Sayyid Barghash, Sultani mwenye mamlaka yake. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Topan akafariki 1891 bila kuliona likikamilika. Mjane wake akaendeleza kazi hadi 1894. Hospitali aliyoikusudia Topan haikuwahi kuwa. Mwaka 1900 jumba liliuzwa, likaingia katika mali ya wakfu ya Haji Nasser Nurmohamed. Chini pakawa zahanati ya hisani, ndipo jina lilipotokea, na juu zikapangishwa familia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likakosa wa kulitunza, mwisho likabaki tupu.

Kwa sura, jumba hili ni la zama za Victoria, na mapambo ya lipu kwenye kuta zake yana mkono wa Ulaya. Roshani zimechongwa kwa ufundi wa Gujarat. Ua wa ndani, wa kuingiza hewa na mwanga, upo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Lakini ukibandua lipu unakuta kilekile kilichomo katika nyumba ya kawaida ya mtaa wa Shangani au Kiponda: mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Hapo ndipo penye somo.

Chokaa ya pwani hutoka katika matumbawe yenyewe. Mawe hupangwa juu ya tanuu la kuni na kuchomwa mpaka yageuke, kisha humwagiwa maji yakachemka na kuvunjika kuwa unga au uji mweupe. Uji huo ukiachwa ukae muda mrefu kabla ya kutumika, huwa laini na mzuri zaidi. Huchanganywa na mchanga, na mafundi wengi huongeza udongo mwekundu. Ukutani chokaa hukauka polepole, huku ikivuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Haiharakishwi. Tabaka lipigwe jembamba, liachwe, lirushiwe maji jua likiwa kali, ndipo lije jingine.

Ukuta wa namna hii haukusudiwi kuzuia maji yasiingie kabisa. Unyevu wa ardhini na wa masika huingia, kisha hutoka kupitia lipu ya chokaa yenye vitundu vidogo mno. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, umeziba njia ya kutokea. Maji hubaki ndani pamoja na chumvi, na hapa kwetu chumvi ni nyingi, ya baharini na ya mawe yenyewe. Chumvi ikiganda nyuma ya saruji husukuma, lipu ikatoka mabamba mabamba, na chokaa ya ndani ikageuka vumbi. Kibaya zaidi hakionekani: ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza kwa unyevu, mchwa wakafuata. Sakafu haitoi taarifa siku inapoamua kushuka.

Waingereza wenyewe walijifunza hili kwa gharama. Nyumba nyingi za matofali walizojenga enzi za Victoria ziliungwa kwa chokaa, na vizazi vya baadaye vikaziba viungo kwa saruji. Saruji ikawa ngumu kuliko tofali, tofali likaanza kumomonyoka uso. Mwaka 1877, miaka kumi kabla ya jiwe la Mizingani, William Morris na wenzake walianzisha London jumuiya ya kulinda majengo ya kale. Waliwapinga wasanifu waliokuwa wakikwangua na kubomoa ya zamani ili jengo lionekane jipya. Msimamo wao ulikuwa: tengeneza kilichoharibika, kisichoharibika kiache.

Kazi ya Mizingani nayo ilikwenda kwa msimamo kama huo. Mwaka 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilichukua jumba kwa mkataba na serikali, na kazi ikafanyika katika miaka ya 1990. Ilirudiwa chokaa. Mbao zilizooza zilitolewa, nzima zikabaki mahali pake. Vipande vya nakshi vilivyopotea vilichongwa kwa kufuata vilivyosalia. Waashi na maseremala wa hapa walipata mafunzo humohumo kazini, na kwa maoni yangu faida hiyo ni kubwa kuliko jengo. Bila fundi anayejua kuchanganya chokaa, mkarabati wowote atakimbilia mfuko wa saruji.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini hadhi haizuii mvua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ilianguka katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa.

Kwa mwenye nyumba ya mawe, anzia juu. Paa lililotoboka na mfereji ulioziba huua nyumba nyingi kuliko umri. Pandeni juu ya paa kabla ya masika, ondoeni majani na miche iliyoota kwenye nyufa, na msing'oe kwa nguvu mzizi uliokwisha kuingia ukutani. Ukateni, fundi autoe pamoja na kuunga ukuta upya. Halafu tazameni bafu na choo cha ghorofani, kwani bomba linalovuja taratibu huozesha boriti miaka kadhaa kabla doa halijaonekana chini. Lipu ya saruji iliyokwisha kupigwa isibomolewe yote siku moja. Ianziwe kwenye sehemu yenye unyevu, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe ya chokaa. Rangi nayo iwe ya chokaa, maana rangi ya plastiki huziba kama saruji. Na kabla ya kugusa ukuta mkuu, boriti au mlango wa nakshi, nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mpate kibali. Mkaguzi akija, mwonyesheni nyufa zote, hata zile mlizozifunika kwa kabati.