Kumbukumbu za babu hazimo kwenye damu

Katika tamthilia za kubuni za kisayansi, kijana huvishwa kofia yenye nyaya, na papo hapo anaona msafara wa pembe za ndovu ukiingia Bagamoyo, babu wa babu yake akiwa na mnyororo shingoni. Wengi huamini jambo hilo lina msingi: mateso ya wazee yameandikwa kwenye damu, na siku moja mashine itayasoma.

Vinasaba hubeba maelekezo ya kuujenga mwili. Matukio hayamo. Kumbukumbu hukaa katika miunganiko ya seli za ubongo, na mwenyewe akifa hupotea.

Imani hii haikuzuka hewani. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walikutwa ukubwani na matatizo zaidi ya sukari mwilini, na kwenye vinasaba vyao zilionekana alama za kikemikali zilizobadilika. Ila njaa ile iliwapata wao wenyewe, wakiwa tumboni. Alama nyingi za aina hiyo hufutwa kabla ya kizazi kinachofuata.

Maumivu ya ukoo ni ya kweli kabisa. Hupitia kwa bibi anayenyamaza ghafla mjukuu akiuliza kwao hasa ni wapi, akaendelea kukuna nazi kama hakusikia. Mtoto hujifunza hofu hapo.

Ukisoma habari za utafiti, tazama: ni panya au watu? Wangapi? Wengine wamerudia wakapata vilevile? Nyumbani, wasikilize wazee mmoja mmoja, uandike kabla ya kulinganisha. Utajua nani alimsimulia nani.