Saratani ya Kichwa na Shingo Inapofika Kwenye Utumbo Mwembamba

Saratani nyingi za kichwa na shingo huanzia kwenye utando laini wa kinywa, ulimi, koromeo au zoloto. Visababishi vyake vikuu ni tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, pombe, na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16. Zikisambaa, kwa kawaida hutangulia kwenye tezi za limfu za shingoni, kisha mapafu, na baadaye mifupa au ini. Kufika kwenye utumbo mwembamba ni jambo la nadra mno, kiasi kwamba taarifa zake katika majarida ya kitabibu huwa ni za mgonjwa mmoja mmoja. Saratani za mapafu, za matiti na melanoma (saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi) ndizo zinazojulikana zaidi kwa kufika huko.

Unadra huo ndio unaowaponza wagonjwa. Mtu aliyetibiwa saratani ya koo ana sababu nyingi za kuumwa tumbo: mofini hufunga choo, tibakemikali huleta kichefuchefu na kuhara, na baadhi ya dawa za maumivu huchubua tumbo. Kwa hiyo malalamiko yake hupewa jibu jepesi, na tukubali kwamba mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Shida huanza pale dawa ya kulainisha choo inapotumika ipasavyo na tumbo likaendelea kujaa, maumivu yakija kwa mawimbi, mgonjwa akitapika nyongo na hata upepo hautoki. Au pale damu inapopungua mwilini bila sababu inayoonekana, na choo kikawa cheusi chenye kunata.

Dalili hizo hutokana na jinsi saratani inavyojipandikiza. Seli husafirishwa na damu, hukwama katika mishipa midogo ya ukuta wa utumbo na kuota humo, hadi uvimbe uzibe njia, uvuje damu, au uufanye utumbo ujiingize ndani yake wenyewe. Wakati mwingine ukuta hutoboka. Hapo maumivu huwa ya ghafla na makali, na tumbo hukakamaa. Hiyo ni dharura ya saa, si ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo.

Kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni, ndugu anayemhudumia ndiye huona mabadiliko kwanza. Uji uliokuwa ukishuka vizuri unagoma, na bomba la sindano likiondolewa unarudi ukiwa umechanganyika na majimaji ya kijani. Asiusukume kwa nguvu. Asimamishe kulisha na ampeleke mgonjwa hospitali.

Huko, ni vyema kujua kwamba utumbo mwembamba una urefu wa takriban mita 6, na kamera inayopitishwa mdomoni huona sehemu yake ya mwanzo tu, ilhali ile ya njia ya haja kubwa huishia kwenye ncha yake ya mwisho. Majibu mazuri ya kamera hizo hayatoshi kuondoa shaka. Kipimo cha CT cha tumbo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, ndicho huonyesha zaidi. Uthibitisho hutokana na kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe na kuchunguzwa maabara na kulinganishwa na kile cha saratani ya awali, kwa kuwa saratani inayozaliwa kwenye utumbo wenyewe kwa kawaida huwa ya seli za aina nyingine. Ndiyo maana cheti cha majibu ya zamani hakitupwi, hata kama matibabu yalikwisha miaka kadhaa iliyopita.

Utumbo ulioziba au kutoboka mara nyingi huhitaji upasuaji wa kukata sehemu iliyoathirika na kuunganisha iliyobaki, mradi mwili wa mgonjwa unaweza kuhimili. Kwa kuwa ugonjwa wakati huo huwa umefika sehemu nyingine pia, tibakemikali au tibakinga (dawa zinazosaidia kinga ya mwili kupambana na saratani) hulenga kuupunguza kasi, na tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, huanza sambamba nazo. Kwa wengine, kutuliza maumivu na kutapika bila kupasua huwa ndio uamuzi wa busara, na familia ina haki ya kuuliza wazi upasuaji utamwongezea mgonjwa nini.