Kwa nini bado hatuna chanjo ya fangasi

Katika maabara ninayofanyia kazi hapa Mbeya, tone la maji ya uti wa mgongo likichanganywa na wino mweusi na kuwekwa chini ya hadubini, kriptokokasi, fangasi anayesababisha homa ya uti wa mgongo, hujitokeza mwenyewe: kiduara kinachong'aa, kimezungukwa na ukanda mweupe ambao wino umeshindwa kuupenya. Ukanda huo ni ganda la sukari, na ndiyo ngao inayozuia chembe za kinga zisimmeze.

Wagonjwa huniuliza mbona surua na pepopunda zina chanjo, ilhali hakuna hata moja ya fangasi iliyoidhinishwa kwa binadamu. Kwanza, seli ya fangasi, tofauti na ya bakteria, ina kiini kama yetu, hivyo ni machache ndani yake ambayo kinga inaweza kuyalenga bila kutudhuru. Shabaha bora ni ukuta wake wa nje. Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba chanjo hufundisha kinga ya mwili, na kriptokokasi huwashambulia hasa watu wenye VVU ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga ambazo VVU huziharibu, zimeshuka chini ya 100 kwa kila mikrolita ya damu. Mwalimu amefika, darasa ni tupu. Jambo hili linatugusa sana huku Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wazima kikiwa asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa.

Hata hivyo kazi inaendelea. Chanjo ya NDV-3A, inayolenga protini ambayo kandida, fangasi mwingine, huitumia kujishikiza mwilini, ilijaribiwa Marekani kwa wanawake wanaosumbuliwa na fangasi za ukeni za kujirudia, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha nafuu kwa walio chini ya miaka 40. Kinachonivutia zaidi ni kriptokokasi aliyeondolewa jeni ya SGL1: panya waliochanjwa naye walikingwa hata baada ya CD4 zao kuondolewa, maana yake chembe nyingine za kinga zinaweza kubeba mzigo huo.

Panya si binadamu, bila shaka. Lakini chanjo ya namna hiyo ikipatikana, ningependa itolewe siku ileile mtu anapoanza dawa za kufubaza VVU, bila kusubiri CD4 zipande, kwa sababu wengi ambao tone lao hufika mezani kwangu wameshachelewa kuanza dawa.