Je, wajua kwa nini Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ilipitishwa 2014 lakini mpaka leo tunatumia ya 1977?

Wengi wanadhani ile katiba ilikataliwa. Hapana, haikukataliwa na mtu, ni kwamba hatukuulizwa, na mimi hilo ndo linaniuma.

Iko hivi. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilitungwa 2011, mwaka uliofuata Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Warioba, ikaingia mtaani, wakazunguka Bara na Visiwani kukusanya maoni, watu walisimama wakasema yao kuhusu ardhi, madaraka ya rais, Muungano, yaani kila kitu. Desemba 2013 Tume ikakabidhi rasimu ya pili na humo ndani kuna serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar.

Hapo ndo moto ukawaka. Bunge Maalum likakaa Dodoma Februari 2014, wabunge wa Muungano, Wawakilishi wa Zanzibar pamoja na watu 201 walioteuliwa na rais, mwenyekiti Samuel Sitta na makamu wake Samia Suluhu Hassan, huyu huyu aliyekuja kuwa Rais 2021. Wengi mle ndani walitaka serikali mbili zibaki, ya Muungano na ya Zanzibar, wapinzani wakaungana wakajiita UKAWA (Umoja wa Katiba ya Wananchi) na mwezi wa nne wakasusa wakatoka. Waliobaki wakaendelea, Oktoba 2 wakapiga kura ikapita, maana ilipata kile sheria ilichotaka: theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande kivyake.

Lakini kupita bungeni haitoshi, lazima iende kura ya maoni. Ilipangwa Aprili 30, 2015, daftari la wapiga kura la BVR (uandikishaji wa kutumia alama za vidole) likawa bado halijakamilika, kura ikaahirishwa, uchaguzi mkuu ukaja na tarehe nyingine haikupangwa tena.

Na kura yenyewe ina kanuni yake ambayo wengi hawaijui: kura za ndiyo lazima zizidi nusu Bara na zizidi nusu Zanzibar pia, hata Bara wakikubali kwa mamilioni, Zanzibar wakikataa imeanguka. Katiba ya 1977 haikupitia mtihani huo kabisa, Bunge la wakati ule liligeuzwa Bunge Maalum likaipitisha, basi, mwananchi hakupiga kura. Kwa hiyo nchi hii haijawahi hata mara moja kupigia kura katiba yake.