Mvutano bandia: nusu saa kwa siku haitoshi

Wengi wakisikia kwamba wanaanga hufanya mazoezi zaidi ya saa 2 kila siku, hudhani tatizo la kukosa uzito limekwisha. Mimi, ninayeshughulikia fiziolojia ya anga, sioni hivyo. Mazoezi yameokoa misuli na mifupa kwa kiasi kikubwa. Bila hayo nyonga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa kila mwezi. Lakini jicho halifanyi mazoezi. Mvutano, yaani graviti, ukikosekana, damu na maji ya mwili hupanda kichwani, uso huvimba, miguu hukonda, na kwa baadhi ya wanaanga kichwa cha neva ya jicho huvimba pia.

Mvutano bandia, unaopatikana kwa kuzungusha chombo cha anga, unatibu chanzo chenyewe: sakafu inasukuma nyayo, na kila kiungo kinapata uzito wake. Mwaka 2016 watafiti wa Japani waliwaweka panya angani siku 35. Waliozungushwa hadi kupata mvutano sawa na wa duniani walibaki na misuli na mifupa yao, walioelea walidhoofika.

Kikwazo ni ukubwa. Kwa mizunguko 4 kwa dakika, mvutano kamili unahitaji nusu kipenyo cha mita 56. Kwa miwili, mita 224. Ndiyo maana maabara hutumia mashine fupi za kumzungusha mtu. Mtu hulala chali, kichwa karibu na kitovu cha mzunguko, miguu ukingoni. Akigeuza kichwa upande mmoja tu, sikio la ndani humdanganya kwamba anabingirika; jasho humtoka, kichefuchefu humpanda. Hilo halinitishi, kwa sababu mwili huzoea ukifunzwa taratibu.

Kinachonihangaisha ni dozi. Huko Köln, Ujerumani, mwaka 2019, watu walilazwa siku 60 vitanda vikiwa vimeinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa, ili kuiga maji ya mwili yanavyopanda kichwani angani. Baadhi walizungushwa katika mashine fupi nusu saa kila siku, na bado uvimbe wa neva ya jicho uliwapata kama wenzao. Kusema mvutano bandia umeshindwa ni kuuonea. Saa 23 na nusu zilizobaki zilikuwa za kulala tu, tena katika mashine hiyo miguu hupata mvutano mara 2 ya wa duniani ilhali kichwa, penye tatizo, hupata kidogo mno. Panya wale walizungushwa usiku na mchana.

Kwa safari ya Mirihi, basi, fedha ningezielekeza kwenye chombo kinachozunguka chenyewe, hata kwa mvutano pungufu. Vipande viwili vilivyofungwa kwa kamba ndefu vinatosha kuanzia: Gemini 11, chombo cha anga cha Marekani, ilijaribu hivyo mwaka 1966 kwa kamba ya mita 30, ikapata mvutano hafifu lakini halisi.