Sikilizeni majina yenyewe

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu Waroma, watu wa Ulaya wenye asili ya India (wengine huwaita Majipsi) ambao lugha yao ni Kiroma, safari hii na mwanafunzi niliyedhani tumeshamalizana naye: "Mwalimu, makundi ya kazi ya Waroma si ndiyo yale matabaka waliyotoka nayo India?" Jamani, sikilizeni majina yenyewe!

Kalderashi ni căldărar, mfua masufuria ya shaba kwa Kiromania (lugha ya Romania, si Kiroma). Ursari, wacheza na dubu, na Lautari, wapiga muziki, ni Kiromania vilevile. Lovari, wauza farasi, wanatokana na ló, farasi kwa Kihungari. Sepechi, wasuka vikapu, ni Kituruki. Hapo hakuna jina hata moja la Kihindi. Ni majina ya midomoni mwa wateja na, kule Wallachia na Moldavia, tawala za zamani za eneo la Romania, ya waliowamiliki. Huko Waroma walikuwa watumwa mpaka 1855 (Moldavia) na 1856 (Wallachia), na watumwa wa mtawala waligawanywa kwa kazi na kutozwa kodi kwa kazi hizo: lingurari mchonga miiko, aurari mchekecha dhahabu ya mtoni. Kazi ikifa, jina linabaki. Mlovari wa leo anauza magari na bado ni Mlovari.

Sasa fungueni Kiroma chenyewe. Fedha ni rup, ndugu wa rupia yetu, na neno hilo kweli lilitoka India. Lakini ingieni karakana: fuawe ni amoni, sufuria ni kakavi, shaba ni xarkoma. Kigiriki kitupu! Msamiati huo wa uhunzi waliupata walipoishi kwenye Byzantium, dola ya zamani iliyotumia Kigiriki, karne nyingi baada ya kuondoka India. Nyundo ya Kalderashi inaongea Kigiriki, nanyi mnaniambia ni tabaka la Kihindi.

Kuna jambo linaninyima raha, na sitalificha. Wanaisimu wengi hulirudisha neno rom kwenye ḍom, jina la matabaka ya India ya wapiga muziki na mafundi wa kazi za mikono. Na makundi mengi hadi leo huoana wao kwa wao. Kwa hiyo tabia ya kujigawa kwa kazi huenda ni ya zamani sana. Lakini makundi haya tunayoyataja yalizaliwa Ulaya.

Wachurari, kundi jingine la Waroma, nao wapo wanaolivuta jina lao kwenye čuri, kisu kwa Kiroma. Kwa Kiromania ciur ni chekeche, na kutengeneza machekeche ndiyo iliyokuwa kazi yao. Mimi niko na chekeche.